Kesi ya Songea: Aliyeshtaki Ndiye Aliyenyonga

Hanga, wilayani Namtumbo, inajulikana kwa abasia yake. Wabenediktini wa Peramiho waliianzisha mwishoni mwa miaka ya 1950 iwe nyumba ya watawa Waafrika, na tangu hapo jina la Hanga limekwenda sambamba na sala, shule na mashamba. Lakini wilaya ya Namtumbo, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Songea, ina historia nyingine inayostahili kusimuliwa pamoja na hiyo. Kitanda, iliyo katika wilaya hiyo hiyo, ndiko alikotawala Mkomanile, mwanamke pekee katika orodha ya mashujaa wa Majimaji walionyongwa Songea mwaka 1906. Anayetaka kujua mashine ya polisi, mahakama, jela na kitanzi ilivyoingia nchini anaweza kuanzia hapa hapa Ungoni.

Kila mwishoni mwa Februari watu hukusanyika Songea, kwenye Makumbusho ya Majimaji, palipo na kaburi la pamoja. Hotuba hutolewa, ngoma hupigwa, na mashujaa 67 hukumbukwa. Tunawasifu kama wapiganaji, na ni haki yao. Lakini hawakufia vitani. Walikamatwa, wakatiwa ndani, wakahukumiwa, ndipo wakanyongwa. Serikali iliyowaua ilitaka kifo chao kiitwe adhabu ya kisheria. Basi na tuichukulie kama kesi, tuulize maswali ambayo mahakama yoyote ingepaswa kuyauliza.

Sheria ilikuwepo. Mwaka 1896 Kansela wa Ujerumani alitoa amri kuhusu mashauri ya jinai ya wenyeji wa Afrika Mashariki, Kameruni na Togo. Amri hiyo ilitaja adhabu ambazo mwenyeji angeweza kupewa: viboko, faini, kifungo na kazi ngumu, minyororo, kifo. Viboko visizidi 25 kwa mkupuo mmoja. Wanawake wasichapwe, Waarabu na Wahindi wasichapwe. Mwafrika mwanamume ndiye aliyebaki. Aliyeamua yote hayo alikuwa mkuu wa wilaya au wa kituo, mtu yule yule aliyekusanya kodi ya kibanda, aliyeamrisha askari na aliyetoa watu kwenda kulima pamba. Wakili hakuwepo, wala hapakuwa na orodha ya makosa ambayo mtu angeweza kuisoma akajua mpaka uko wapi. Mzungu aliyekosa alikuwa na mahakama yake, sheria za kwao na nafasi ya kukata rufaa.

Wazee wa zamani walikuwa na jina la hukumu iliyotolewa mara nyingi kuliko zote: hamsa ishirini. Mtu analazwa kifudifudi mbele ya boma, askari anashika kiboko cha ngozi ya kiboko, mwingine anahesabu kwa sauti ili wote wasikie. Kosa linaweza kuwa kuchelewa kazini, kutolipa kodi, au kumjibu bwana mkubwa kwa namna asiyoipenda. Hapakuwa na shahidi wa kuhojiwa. Shauri lilianza na kumalizika asubuhi moja, na aliyechapwa alitarajiwa kurudi kazini.

Jinsi mizani ile ilivyoelemea upande mmoja inaonekana wazi katika kesi ya Carl Peters, mtu aliyewarubuni machifu wetu kwa mikataba ya ulaghai mwaka 1884. Alipokuwa mkuu wa kituo Kilimanjaro, alimnyonga mtumishi wake aliyeitwa Mabruk mwaka 1891, na miezi michache baadaye akamnyonga msichana aliyeitwa Jagodia. Habari zilipofika bungeni Berlin kukawa na kelele, na mwaka 1897 mahakama ya nidhamu ilimkuta na hatia. Adhabu yake? Alifukuzwa kazi. Hakulala jela hata usiku mmoja kwa roho zile mbili, na mwaka 1905, mwaka ule ule Wamatumbi walipong'oa pamba na kuanzisha vita vya Majimaji, Kaisari alimrudishia cheo chake.

Vita hivyo vilianza Nandete, milima ya Matumbi, mwezi Julai 1905. Kinjikitile Ngwale, aliyetoa dawa ya maji iliyoaminika kugeuza risasi kuwa maji, alinyongwa Mohoro mwanzoni mwa Agosti, kabla hata moto haujasambaa. Agosti hiyo hiyo Askofu Cassian Spiss, aliyekuwa ameanzisha misheni ya Peramiho mwaka 1898, aliuawa njiani upande wa Liwale akiwa na mabradha wawili na masista wawili. Mwezi uliofuata Peramiho ilichomwa moto. Mauaji ya Liwale yalikuwa mauaji ya watu wasio na silaha, na wafu wale nao walistahili iulizwe nani aliwaua. Ndiyo maana kesi ya haki ilihitajika: ya kutenganisha aliyetenda na asiyetenda, aliyekuwepo na asiyekuwepo. Songea na Liwale zimetenganishwa na pori la siku nyingi kwa miguu.

Dawa iliingia Ungoni kwa mkono wa Omari Kinjala, na simulizi za hapa zinamtaja Mkomanile wa Kitanda kuwa miongoni mwa waliompokea. Ikamfikia Nkosi, yaani mtawala, Chabruma wa Mshope, na Nkosi Mputa Gama wa Njelu. Kila mmoja alikuwa na donge lake. Mputa alikuwa na lake la wazi kabisa: miaka michache kabla ya vita, padri mmoja aliichoma nyumba yake ya mahoka, mahali pa kuwaombea wahenga. Tafakari jambo hilo kidogo. Mtawala anachomewa mahali patakatifu, na katika mfumo mzima wa sheria uliokuwa umeletwa hapakuwa na mlango wowote ambao angebisha na kusikilizwa kama mlalamikaji. Angeweza kuitwa bomani kujibu mashtaka. Hakuweza kumwita mtu ajibu yake. Palipofungwa mlango wa malalamiko, palibaki mkuki.

Wangoni walishindwa haraka. Risasi za bunduki za rashasha hazikugeuka maji. Meja Johannes alifika na kikosi chake mwishoni mwa mwaka 1905, na mwanzoni mwa 1906 Mputa na manduna wengi, viongozi waliokuwa chini ya Nkosi, walikuwa mikononi mwa Wajerumani. Chabruma alivuka Ruvuma kwenda kwa Wareno, akauawa huko.

Kwa hali ya amani, amri ya 1896 ilitaka hukumu ya kifo ithibitishwe na gavana, wakati huo Graf von Götzen, aliyekaa Dar es Salaam. Kizuizi hicho kilikuwa chembamba lakini kilikuwepo. Ila amri hiyo hiyo iliweka mwanya: pakiwa na maasi, afisa aliyepo angeweza kutekeleza kwanza na kutoa taarifa baadaye. Kwa hiyo siku ambazo watu wengi zaidi walikuwa hatarini kupoteza uhai ndizo siku ambazo kinga ya mwisho iliondolewa. Waliowahukumu watu wa Songea walikuwa maafisa waliotoka kupigana nao wiki chache kabla. Walikuwa wapelelezi, upande wa mashtaka, mahakimu na wenye kamba. Kosa lilikuwa uasi dhidi ya dola ambayo washtakiwa hawakuiweka, iliyoingia Songea mwaka 1897 kwa kuwaita viongozi wa Kingoni barazani kisha kuwazingira kwa askari.

Jioni kabla ya kunyongwa, mapadri wa Kibenediktini waliingia gerezani. Baadhi ya waliohukumiwa walikubali kubatizwa, Mputa mwenyewe akiwa mmojawapo. Kwa mwamini ni saa ya neema, na sitaki kuipunguzia uzito wake. Lakini katika masimulizi yaliyotufikia, padri ndiye mtu pekee aliyewaendea wale watu kwa ajili yao wenyewe, na alikuja hukumu ikiwa imekwisha kutolewa. Hakuna aliyekuja mapema zaidi kuuliza, kwa mfano, nduna huyu alifanya nini hasa, siku gani, na nani alimwona.

Tarehe 27 Februari 1906 walinyongwa. Miili ikazikwa katika shimo moja. Mkomanile yumo katika orodha, na kwake yeye sheria inajionyesha ilivyokuwa: amri iliyokataza mwanamke kuchapwa viboko haikumkinga na kitanzi.

Nduna Songea Mbano ana kaburi lake peke yake. Simulizi za Songea zinasema Wajerumani walikuwa tayari kumwacha hai, naye akakataa kubaki baada ya wenzake, akanyongwa siku chache baadaye. Zinasema pia kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Mji umebaki na jina lake. Ukoo wake bado unakidai kichwa.

Kisha ikaja njaa, nayo haikupelekwa mbele ya hakimu yeyote. Vyakula vilichomwa ghalani na mashamba yakafyekwa kwa makusudi. Kapteni Richter, aliyekuwa mkuu wa kituo cha Songea, alipoelezwa kwamba askari wake wanawaachia watu njaa kwa kuchukua chakula, alijibu kwamba na wafe njaa, na kwamba kama angeweza angewazuia hata kupanda. Serikali ya Ujerumani ilikiri vifo 75,000 katika vita vyote. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiwa wameuawa na njaa na maradhi yaliyofuata. Wazungu waliokufa vitani walikuwa 15. Kwa watu 67 wa Songea palitafutwa hukumu. Kwa maelfu haya hapakufunguliwa hata shauri moja.

Waingereza walipochukua nchi waliondoa mengi, lakini si mzizi. Bwana Shauri wa wilaya alibaki kuwa mtawala na hakimu kwa wakati mmoja. Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya mwaka 1929 ilizitoa mahakama hizo chini ya Mahakama Kuu na kuziweka chini ya utawala, na mawakili hawakuruhusiwa kuingia humo. Rufaa ya mwanakijiji ilipanda kwa mkuu wa wilaya, kisha mkuu wa jimbo, hadi gavana: ngazi nzima ya watu wa serikali. Tume ya Bushe ya mwaka 1933 ililisema hilo waziwazi kwa Kenya, Uganda na Tanganyika, kwamba mtu anayeshtakiwa kosa kubwa anahitaji hakimu aliyesomea sheria. Ilichukua uhuru, na sheria ya mahakama ya mwaka 1963, kuziunganisha mahakama za nchi kuwa mfumo mmoja.

Mwaka huo huo wa 1963 Bunge la nchi huru lilipitisha Sheria ya Adhabu za Chini, iliyompa mwizi na mla rushwa viboko 24: kumi na viwili akiingia jela, kumi na viwili akitoka. Inauma kuandika hivyo, maana waliopiga kura walikuwa watoto na wajukuu wa waliochapwa hamsa ishirini. Ilibaki hivyo mpaka sheria mpya ya mwaka 1972.

Hati ya Haki za Binadamu iliingizwa katika Katiba mwaka 1984. Ibara ya 13 inasema mtu ana haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na kukata rufaa, na asichukuliwe kuwa ana hatia mpaka ithibitike. Ukiisoma ukiwa unawafikiria wale wa Songea, kila kifungu ni kitu walichonyimwa. Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya, akiwa Dodoma, aliamua kwamba kunyonga kunapingana na Katiba kwa sababu ni adhabu ya kikatili. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani iliitengua hukumu hiyo. Kitanzi kimebaki kwenye vitabu, ingawa hakuna aliyenyongwa nchini tangu mwaka ule wa 1994. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyoko Arusha, ilisema kumfunga jaji mikono asiwe na hukumu nyingine ila kifo kunakiuka haki ya kuishi.

Na mambo ya kila siku? Mahabusu anayeletwa mahakamani na kuambiwa upelelezi haujakamilika, kesi ikapigwa kalenda, akarudi rumande, bado yupo. Asiye na uwezo wa wakili bado hutegemea bahati, licha ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Tume ya Haki Jinai iliyoundwa na Rais Samia Suluhu Hassan Januari 2023, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilikabidhi ripoti Julai mwaka huo na kupendekeza, pamoja na mengine, polisi waache kuwa jeshi wawe chombo cha huduma. Mkoloni aliunda askari wa kutiisha watu. Miaka zaidi ya mia moja baadaye bado tunalijadili umbo lile lile.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akakutana na wazao wa Songea Mbano, akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyowatendea wahenga wao. Aliahidi kwamba nchi yake itasaidia kulitafuta fuvu la nduna. Yalikuwa maneno makubwa, na waliokuwepo walistahili kuyasikia.

Lakini fuvu lisidaiwe peke yake. Afisa aliyenyonga bila kibali alitakiwa kupeleka taarifa kwa gavana, na serikali ile iliandika sana. Makaratasi yake yamegawanyika kati ya Nyaraka za Taifa Dar es Salaam na hifadhi ya nyaraka mjini Berlin. Serikali yetu iombe rasmi kila karatasi inayohusu hukumu za Songea: majina, mashtaka, mashahidi kama walikuwepo, sahihi ya aliyeamuru. Zitafsiriwe kwa Kiswahili, nakala ziwekwe Songea na shule za Namtumbo zipate zao. Kisha Mahakama ya Tanzania itafute namna ya kutamka, kwa utaratibu wake yenyewe, kwamba Mputa Gama, Songea Mbano, Mkomanile na wenzao hawakuwahi kuhukumiwa kwa haki. Wamekaa na rekodi ya uhalifu tangu mwaka 1906, na hakuna aliyewahi kuifuta.