Watu wa Tambarare: Jinsi Historia ya Mlima Meru Ilivyoijaza Sombetini

Kusini-magharibi mwa Jiji la Arusha, ukishaziacha Ngarenaro na Unga Limited, miteremko ya Mlima Meru hulainika ikawa tambarare. Huko ndiko iliko kata ya Sombetini: nyumba za vyumba vya kupanga zilizobanana, maduka, gereji, makanisa na misikiti, soko la Mbauda, na vifodi visivyokatika kutwa. Waarusha na Wameru wanaishi hapa ua kwa ua na Wachaga, Wapare, Wairaqw, Warangi, Wanyaturu na Wamaasai. Tumezoea kuueleza msongamano huu kwa maneno mepesi, kwamba watu wameukimbilia mji. Historia ina jibu zito zaidi. Tambarare hii ilijazwa hatua kwa hatua, na chanzo kikubwa cha kujaa kwake kiko juu, katika yale yaliyotendwa kwenye ardhi ya mlimani tangu mwisho wa karne ya 19. Anayetaka kuijua Sombetini hana budi kuanzia mlimani.

Mlima Meru, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500, huzuia mawingu na kuyashusha kuwa mvua katika miteremko yake ya kusini na mashariki. Kutoka huko hutiririka Themi, Naura, Ngarenaro na vijito vingine, vikipita katika udongo wa majivu ya volkano wenye rutuba nyingi. Chini yake tambarare ni kavu, yenye nyasi na miiba, na kwa karne nyingi ilifaa zaidi kwa mifugo kuliko kwa jembe. Tofauti hii ya maji iliweka kanuni ya kwanza ya makazi: wakulima walikaa juu, wafugaji wakazunguka chini. Wameru, ambao masimulizi yao yanawaleta kutoka upande wa Usambara yapata karne ya 17, walifyeka msitu wa kusini-mashariki, wakapanda migomba na kuchimba mifereji ya kumwagilia mashamba yao.

Katika miaka ya 1830 waliwasili Waarusha. Walitoka Arusha Chini, kusini mwa mahali ulipo mji wa Moshi, wakakaa kwenye miteremko ya kusini-magharibi. Lugha yao ilikuwa Kimaasai, na marika yao yalikwenda sambamba na ya Wamaasai wa Kisongo, lakini riziki yao kuu ilitoka shambani: migomba, mahindi, maharage. Wakawa daraja kati ya mlima na mbuga. Wafugaji walileta ng'ombe, mbuzi na ngozi. Wakulima walitoa nafaka, ndizi, asali na tumbaku. Wanawake wa pande zote mbili walikutana sokoni hata vijana wao walipokuwa vitani. Tambarare ya Sombetini na jirani zake ilikuwa mpaka ulio hai, ikipitiwa na mifugo wakati wa majani na misafara wakati wa amani. Wenyewe ilikuwa nao, ingawa hapakuwa na nyumba nyingi. Nafasi ile tupu ilikuwa akiba ya malisho.

Muongo wa 1890 ulivunja mpangilio huo. Sotoka iliangamiza ng'ombe wa Umaasaini tangu mwaka 1890 na 1891, ndui ikafuata, kisha njaa. Wafugaji waliobaki bila mfugo walipanda mlimani kutafuta hifadhi kwa jamaa na marafiki wa Kiarusha, na wengi wao hawakurudi tena mbugani. Kabla majeraha hayo hayajapona, Wajerumani walifika. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa huko Akeri, Meru. Kapteni Kurt Johannes alijibu kwa mashambulizi ya kuadhibu, akisaidiwa na wapiganaji kutoka Uchagani: nyumba zilichomwa, migomba ikakatwa, ng'ombe wakatekwa. Mwaka 1900 viongozi kadhaa wa eneo hili walinyongwa, miongoni mwao Mangi Meli wa Moshi na Mangi Lobulu wa Meru. Jamii za mlimani zikaingia katika karne mpya zikiwa zimepoteza watu, mifugo na viongozi kwa wakati mmoja.

Mwaka huohuo wa 1900 Wajerumani walisimamisha boma la Arusha kwa nguvu za Waarusha na Wameru walioshindwa vitani. Jengo hilo lingalipo, na leo ni Makumbusho ya Elimu ya Viumbe. Kando yake kilianza kituo kidogo cha askari, wachuuzi wa Kihindi na Kigiriki, na wapagazi kutoka pwani na bara. Hata hivyo, jambo lililokuja kuamua hatima ya tambarare halikuwa boma lenyewe, bali ugawaji wa ardhi uliofuata. Tangu mwaka 1904 na 1905 serikali ya Kijerumani ilileta Makaburu kutoka Afrika Kusini baada ya vita vyao na Waingereza, kisha wakaja Wajerumani waliokuwa wakiishi Urusi. Mashamba makubwa ya walowezi yalipangwa kwenye miteremko ya chini, na msitu wa juu ukafanywa hifadhi. Waarusha na Wameru wakabanwa katikati, kama mtu aliyefungwa mkanda wa chuma kiunoni. Juu hapapandiki, chini hapashukiki ila kwa kulikatiza shamba la mzungu.

Waingereza waliiteka Arusha mwezi Machi 1916, na wengi walitumaini kwamba mkanda ule ungefunguliwa. Haikuwa hivyo. Mashamba ya Wajerumani yalichukuliwa kama mali ya adui, kisha yakauzwa kwa walowezi wapya, wakiwemo Waingereza na Wagiriki. Kahawa na mkonge vikatanda. Mwaka 1929 reli ya kutoka Tanga kupitia Moshi ilifika Arusha, na kituo cha askari kikawa mji wa biashara. Mji huo uligawanywa kwa rangi: wazungu walikaa Uzunguni penye miti na maji, Wahindi wakashika barabara za maduka, Waafrika wakapewa upande wa Kaloleni na Ngarenaro. Upande huo, magharibi na kusini, ndio uliotazamana na Sombetini. Hivyo mwelekeo ambao umati ungeufuata baadaye uliwekwa mapema, kwa ramani iliyochorwa na watawala waliokaa upande mwingine wa mto.

Baada ya Vita Kuu ya Pili shida ya ardhi ilifikia kilele. Tume ya Jaji Mark Wilson, iliyofanya kazi mwaka 1946 na 1947, ilipendekeza mabadilishano ya ardhi kati ya wenyeji na walowezi. Kutokana na mapendekezo hayo, mwezi Novemba 1951 Wameru wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki ili kupisha ranchi za wazungu. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi New York, akaueleza Umoja wa Mataifa dhuluma hiyo, akisaidiana na wakili Earle Seaton. Ardhi haikurejeshwa wakati huo, lakini kilio cha Wameru kilisikika Tanganyika nzima na kuupa moyo ukombozi uliokuwa ukichipua. Upande wa Waarusha, mtafiti Philip Gulliver, aliyefanya kazi kati yao mwishoni mwa miaka ya 1950, aliona jinsi uhaba wa mashamba ulivyokuwa ukiyabadilisha maisha. Baba aliyegawa shamba lake kwa wana wanne aliwaachia kila mmoja kipande kisichomtosha. Kijana asiye na kipande aliteremka: wengine kulima mahindi kuelekea Kisongo na Monduli, wengine kutafuta kibarua mjini.

Mji wenyewe ulikuwa bado mdogo mno. Sensa ya mwaka 1948 iliukuta na watu 5,320. Mwaka 1957 walikuwa 10,038, idadi ambayo leo ingemezwa na mitaa michache tu. Kisha ukaja uhuru. Sensa ya 1967 ilihesabu watu 32,452, zaidi ya mara tatu ndani ya miaka kumi. Mwaka huo Arusha ilipata uzito usio kifani katika siasa za Afrika: Januari Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana hapa, na tarehe 5 Februari 1967 Azimio la Arusha likatangazwa. Desemba mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kazi, na makao yake makuu yakawa hapahapa. Ofisi, majengo na viwanda vikafuata, kikiwemo kiwanda cha matairi cha General Tyre na kile cha nguo cha Kiltex. Kiwanda cha kusaga nafaka cha Unga Limited kiliacha jina lake kwa mtaa mzima unaopakana na Sombetini. Mfanyakazi alihitaji chumba cha bei nafuu ambacho angeweza kukifikia kwa miguu. Majirani wa viwanda wakawa na jambo la kuuza.

Hapo ndipo zilipoanza zama za vipande. Familia za Kiarusha zilizokuwa na mashamba pembezoni mwa mji ziligundua kwamba ekari moja iliyokatwa viwanja ilileta fedha nyingi kuliko misimu mingi ya mahindi. Mauziano yalifanyika kwa makubaliano ya maandishi, mashahidi wa pande mbili, na saini ya balozi wa nyumba kumi. Mara nyingi mpima ardhi hakuwepo, wala ramani ya barabara, wala nafasi ya shule na mtaro. Mnunuzi alijenga chumba kimoja, akaongeza cha pili, akapangisha cha tatu. Katika miaka ya 1970, Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 na uchumi ukadorora, ujenzi huu haukusimama, kwa kuwa maisha ya vijijini nayo yalikuwa yamekuwa magumu. Sensa ya 1978 iliupa mji watu zaidi ya 55,000.

Miaka ya 1980 na 1990 ilileta mawimbi mawili yaliyopishana. La kwanza lilikuwa kudhoofika kwa viwanda vya umma, hali iliyowasukuma wengi kutoka kwenye mshahara hadi kwenye meza ya biashara, cherehani na karakana. La pili lilikuwa migodi ya Mererani. Tanzanaiti, iliyogunduliwa mwaka 1967, iliwavuta maelfu ya vijana kwenda migodini humo, na waliorudi na fedha walinunua viwanja na kujenga Arusha. Utalii wa Serengeti na Ngorongoro ukafunguka, ukahitaji madereva, wapishi na wapagazi wa mlimani. Mwaka 1995 Arusha ilichaguliwa kuwa makao ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyofanya kazi hadi mwisho wa 2015. Mkataba mpya wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini Novemba 1999. Wanadiplomasia walipanga Njiro na Sakina. Waliowapikia, waliowalindia na waliowaendesha walipanga Sombetini, Unga Limited na Daraja Mbili.

Matokeo yake yamo katika hesabu. Manispaa ilikuwa na watu zaidi ya 280,000 mwaka 2002. Jiji likawa na watu 416,442 mwaka 2012, na sensa ya 2022 ikakuta 617,631. Katika miaka 74, mji wa watu elfu tano na kidogo uliongezeka zaidi ya mara mia moja. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilikwenda kusini na magharibi, kwenye ardhi iliyokuwa malisho na mashamba ya mahindi. Sombetini, iliyokuwa ukingo wa mji, imekuwa kati yake. Ukingo umesogea hadi Muriet, Terrat na Olasiti, ambako baipasi mpya imevuta tena wanunuzi wa viwanja.

Mengi yamebadilika, lakini mambo matatu yamedumu. Maji bado yanatawala. Mvua za masika zinazoshuka kutoka mlimani huishia tambarare, zikikuta mitaro finyu na nyumba zilizojengwa kwenye njia ya mkondo. Na maji ya visima vingi yana floridi nyingi kutokana na miamba ya volkano, iliyowaachia wakazi wengi meno ya rangi ya kahawia. Urithi wa ardhi nao ungali ukiwateremsha vijana kutoka mlimani, ambako vipande vinazidi kupungua kila kizazi. La tatu ni kukutana. Soko la zamani kati ya mkulima na mfugaji halikufa. Mbauda leo ndizi za Meru, mahindi ya Kisongo na vitunguu vya Mang'ola huuzwa na watu wa makabila ambayo karne moja na nusu iliyopita yasingejuana.

Kwa hiyo Sombetini haistahili kuitwa ajali ya mji wala makazi ya wavamizi. Wakazi wake, au wazee wao, walisukumwa na uamuzi wa Wajerumani wa 1904, na mauzo ya Waingereza baada ya 1916, na tume ya 1946, na ahadi za viwanda za 1967, na fedha za Mererani. Walipofika hawakukuta mtaa uliopangwa. Waliujenga wenyewe kwa akiba zao. Kazi ya urasimishaji wa makazi, ya kupima viwanja, kutoa hati na kufungua barabara, ni deni ambalo mji unawalipa kwa kuchelewa, na inapaswa kufanywa kwa heshima. Huko Muriet na Terrat nafasi bado ipo. Barabara, mitaro, viwanja vya shule na njia za maji zikipimwa kabla ya shamba kukatwa vipande, kizazi kijacho cha watu wa tambarare kitaanza mahali ambapo wazazi wao walilazimika kumalizia.