Chumba cha Chini cha Kanisa la Epiphany

Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwataka waanzishe shule na kuzitunza. Hoja yake ilikuwa nyepesi: mji unaogharamia silaha, barabara na madaraja kila mwaka hauwezi kudai umeishiwa linapokuja suala la watoto. Sisi Walutheri hupenda kuikumbuka barua hiyo. Lakini Luther aliwaandikia wakubwa. Wakubwa wasiposikia, je, mtoto mwenyewe anaruhusiwa kudai?

Swali hilo liliulizwa kwa nguvu mashariki mwa jiji la Los Angeles, Marekani, mwezi Machi 1968. Shule za sekondari za serikali za huko, kama Garfield, Roosevelt na Lincoln, zilijaa vijana wenye asili ya Meksiko. Pale Garfield zaidi ya nusu hawakumaliza masomo. Aliyesikika akisema Kihispania, lugha ya nyumbani kwao, aliweza kuchapwa. Vyoo vilifungwa kwa kufuli saa ya chakula cha mchana. Wengi walisukumwa kwenye masomo ya ufundi, chuo kikuu kisitajwe kabisa.

Katika mtaa wa Lincoln Heights kulikuwa na kanisa dogo la Episkopali, yaani Waanglikana wa Marekani, liitwalo Epiphany. Kasisi wake, John Luce, aliwafungulia vijana mlango. Mwaka 1967 gazeti la La Raza lilianza katika chumba cha chini cha kanisa hilo. Kwa msaada wake pia, kikundi kilichojiita Young Citizens for Community Action kilipata mahali pa kukutania. Huu ndio upande wa historia unaonigusa zaidi: kasisi alitoa chumba, lakini hakukaa kwenye kiti cha mwenyekiti. (Sharika zetu nyingi zina kumbi zinazofungwa Jumatatu hadi Ijumaa, na funguo anazo mzee mmoja.)

Pamoja nao alikuwapo Sal Castro, mwalimu wa Lincoln, aliyewasaidia kupanga mgomo. Tarehe 1 Machi wanafunzi wa Wilson walitangulia kutoka madarasani, baada ya mkuu wa shule kufuta mchezo wa kuigiza waliouandaa. Wiki iliyofuata zikafuata Garfield, Roosevelt, Lincoln na Belmont, na hesabu ikapita wanafunzi 10,000. Walijua walichofanya: shule zililipwa na jimbo kwa idadi ya wanafunzi waliohudhuria kila siku, hivyo kila kiti kitupu kilikuwa hasara. Walidai historia ya watu wao ifundishwe, walimu na wakuu wa asili yao waajiriwe, viboko kwa ajili ya lugha vikome, vyoo vifunguliwe. Pale Roosevelt polisi waliwapiga.

Najua msharika atauliza kuhusu amri ya nne. Ni swali la haki, na silipuuzi, maana mimi pia ni mzazi. Ila tusome Katekisimu Kubwa hadi mwisho wa amri hiyo. Baada ya kuwaonya watoto, Luther anawageukia wazazi na watawala na kuwadai wajibu wao kwa maneno makali. Heshima inayodaiwa upande mmoja tu, yeye hakuijua. Nao vijana wale hawakuvunja shule. Walitaka kufundishwa zaidi.

Tarehe 28 Machi Bodi ya Elimu ilikuja Lincoln kuwasikiliza, mbele ya watu zaidi ya 1,000. Ilikubali kutowaadhibu wanafunzi. Kwa mengi mengine jibu lilikuwa lile ambalo madiwani wa Luther wangelitambua: fedha hakuna.

Gharama iliwaangukia watu wachache. Watu 13, Castro akiwamo, walishtakiwa kwa kula njama ya kuvuruga shule, kosa lililoweza kuwafunga miaka mingi. Mwalimu akaondolewa darasani. Wazazi na vijana walikwenda kuketi katika ukumbi wa Bodi usiku na mchana mpaka, mwanzoni mwa Oktoba, akarudishwa kazini. Mashtaka yalitupwa na mahakama mwaka 1970.

Rais wa kwanza wa kikundi kile cha vijana alikuwa msichana, Vickie Castro, ambaye si ndugu wa mwalimu. Baadaye akawa mwalimu mwenyewe. Mwaka 1993 wapiga kura walimchagua kuwa mjumbe wa Bodi ileile ya Elimu.