Mpunga wa Quiterajo na Jeni za Ua Lake

Mpunga ulifika Afrika Mashariki kutoka Asia kwa njia ya Bahari ya Hindi. Punje zilizofukuliwa Tumbe, kisiwani Pemba, ni za kati ya karne ya 8 na ya 10. Na mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta aliandaliwa wali wa samli Mogadishu. Kilimo cha mpunga kilienea kusini hadi nchi ya Wamwani, katika mabonde ya pwani ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, ambako Quiterajo iko karibu na mdomo wa mto Messalo.

Mpunga wa asili huchanua mchana unapofupika. Quiterajo, tofauti kati ya mchana mrefu wa Desemba na mfupi wa Juni inazidi saa moja. Suke likitoka mapema, mvua huharibu chavua. Likichelewa, ukame hulikuta halijajaa. Mbegu za msimu uliofuata zilitoka kwenye masuke yaliyokomaa kwa wakati, na hivyo kila kizazi cha wakulima kilichagua jeni bila kuziona.

Jeni hizo zilianza kutambuliwa hivi karibuni. Mwaka 2000 watafiti wa Japani walieleza Hd1, inayohimiza kuchanua siku zikiwa fupi na kukuzuia zikiwa ndefu. Hd1 huongoza jeni ya Hd3a, ambayo protini yake, kama ilivyothibitishwa mwaka 2007, hutengenezwa janini na kusafiri hadi kwenye ncha ya shina. Ikifika huko, ncha huacha kuzaa majani na kuanza kuunda suke.

Ndani ya suke, jeni nyingine hugawana kazi. OsMADS16 huamuru kuumbwa kwa stameni 6, yaani viungo vya kiume. Ikiharibika, mahali pa stameni huota viungo vya kike. DROOPING LEAF huamuru kiungo cha kike chenyewe. Ikikosekana, stameni huchukua nafasi yake. Katika hali zote mbili ua haliwezi kujichavusha na kuzaa punje kama kawaida.

Vita vilivyoanza Cabo Delgado Oktoba 2017 viliwahamisha wakazi wengi wa pwani, wa Quiterajo wakiwemo. Mkulima anayekimbia huacha ghala nyuma, na mbegu ya kienyeji ikipotea, hupotea pia mpangilio wa jeni uliozoea mvua na mchana wa mahali pale. Kuwarudishia wakulima mbegu zao ni sehemu ya kuwarudisha nyumbani.