Kuipamba Silaha na Kuichovya: Baina ya Hilya na Tamwih

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahali zake na Sahaba zake. Amma baad.

Baada ya darsa ya Alasiri, kijana mmoja alinisubiri mlangoni. Anamiliki bastola kwa kibali, na amepata mahali maji ya dawa ya kuchovyea kromu, yaani ule mng'aro mweupe tunaouona kwenye bampa za magari ya zamani. Alitaka kuifanya kazi hiyo mwenyewe nyumbani kwake. Swali lake lilikuwa hili: je, si Sunna, maadamu upanga wa Mtume (S.A.W.) ulikuwa na fedha? Nilimjibu kwa maneno machache kwa sababu Maghribi ilikuwa imekaribia. Baadaye niliona kwamba jibu lile halikulitosheleza swali, kwani ndani yake mna masuala matatu yaliyochanganywa.

Tuanze na upanga wenyewe. Imepokewa kutoka kwa Anas (R.A.) kwamba kichwa cha mpini wa upanga wa Mtume (S.A.W.), ambacho Waarabu hukiita qabia, kilikuwa cha fedha. Wameipokea Abu Daud, Tirmidhi na Nasai. Abu Daud mwenyewe aliona kuwa njia yenye nguvu zaidi ni ile ya Said bin Abil Hasan, nayo ni mursal. Ama ile riwaya nyingine isemayo kwamba siku ya Fat-hi Makka upanga wake ulikuwa na dhahabu pamoja na fedha, wanavyuoni wa Hadithi kama Ibnul Qattan na Dhahabi wameitia ila, kwa hiyo hatuijengei hukumu. Mwanafunzi azingatie: kilichothibiti ni kipande cha fedha mahali pamoja pa mpini. Hakuna aliyepokea kwamba upanga mzima uling'arishwa.

Tena ipo riwaya ambayo wapenda silaha za kumetameta hawaitaji. Imamu Bukhari ameweka mlango maalumu juu ya mapambo ya panga katika Kitabul Jihad, na alichokileta humo ni maneno ya Abu Umama (R.A.). Sahaba huyu alieleza kwamba waliozifungua nchi hawakuwa na dhahabu wala fedha kwenye panga zao. Walichokuwa nacho ni kanda za ngozi mbichi, madini ya risasi na chuma. Katika mapokezi ya Ibn Majah tunapata sababu ya maneno hayo: watu waliingia kwake, akaona fedha kwenye panga zao, akakasirika. Hakusema ni haramu. Alikasirika kwa sababu aliwaona watu waliorithi ushindi wakashughulika na mpini.

Sasa tuje kwenye fiqhi. Imamu Nawawi (aliyefariki 676 H) ameeleza katika Minhaj kwamba mwanamume anaruhusiwa kuipamba kwa fedha silaha ya vita, kama upanga, mkuki na mshipi wa kiunoni. Dhahabu haimo katika ruhusa hiyo kwa Mashafii. Wenzetu Wamaliki wameruhusu zote mbili kwenye upanga. Sababu waitoayo mafakihi wetu ni kumtia hofu adui vitani, na wakashurutisha pasiwe na israfu.

Hapa ndipo kijana wangu alipoteleza, na wengi huteleza naye. Kilichoruhusiwa kinaitwa tahliya au hilya: kipande cha fedha yenyewe kinachobandikwa na kukazwa mahali mbalimbali mpaka kikawa kama sehemu ya chombo. Kuchovya kuna jina jingine, nalo ni tamwih: fedha au dhahabu huyeyushwa na kupakwa juu kama rangi. Wanaosoma Fat-hul Muin ya Sheikh Zaynuddin al-Malibari, kitabu kinachosomeshwa sana katika madrasa zetu za pwani, watakumbuka kwamba kitendo cha tamwih kwa dhahabu au fedha kimehukumiwa kuwa haramu bila ya ufafanuzi, kwa sababu ni kuipoteza mali. Kisha huangaliwa kile kilichokwisha kuchovywa: kikitiwa motoni kikatoka kitu, ni haramu kuendelea kukitumia, kisipotoka kitu, basi hapana ubaya. Mtu wa kawaida hushangaa kusikia kwamba fedha nyingi iliyobandikwa yaweza kuwa halali na fedha kidogo iliyopakwa ikawa haramu. Lakini fedha iliyobandikwa bado ni mali: yaweza kubanduliwa, ikapimwa, ikauzwa. Ile iliyopakwa imekwenda.

Mafakihi hawakuyasema haya kwa kukisia. Masonara wa zama zao waliiyeyusha dhahabu ndani ya zebaki, wakaupaka mchanganyiko huo juu ya chuma au shaba, kisha wakautia moto. Zebaki hupaa kama moshi na dhahabu hubaki. Moshi ule ni sumu, na mafundi wengi uliwatetemesha mikono. Hali iliendelea hivyo mpaka karne ya 19. Mwaka 1840 akina Elkington wa Birmingham, Uingereza, walisajili njia yao ya kuchovya kwa nguvu za umeme. Ikafuata nikeli, na bastola nyingi za Marekani za miaka ya 1870 zilitoka kiwandani zikiwa zimechovywa hiyo. Kromu ilichelewa: madini yake yaligunduliwa na Vauquelin wa Ufaransa mwaka 1797, lakini kuchovya kwake hakukuwa biashara mpaka miaka ya 1920.

Kromu si dhahabu wala si fedha. Hukumu ya tamwih imefungamana na hizo mbili, basi kwa dhati yake kromu ni kama shaba au bati, na asili yake ni kujuzu. Hilo nilimwambia kijana, akafurahi. Lakini kujuzu kwa kitu hakuhalalishi kila njia ya kukifanya.

Kwanza ni udanganyifu. Shayzari, katika kitabu chake cha hisba cha karne ya 6 Hijria, amewakataza wahunzi kutengeneza visu na mikasi kwa chuma laini kisha wakaviuza kama vya chuma kikali. Kromu juu ya silaha iliyoliwa na kutu au yenye ufa huficha aibu ile ile, na anayeinunua hujua siku inapompasukia mkononi. Tena kabla ya kuchovya lazima chuma kisuguliwe, na kikisuguliwa mno namba ya silaha hufutika. Sheria za nchi zetu hazilichukulii jambo hilo kwa wepesi.

Pili ni madhara, na kwangu hili ndilo lililofunga mlango. Maji ya kuchovyea kromu yana asidi ambayo mvuke wake hutoboa ukuta wa ndani wa pua na husababisha saratani ya mapafu. Viwandani huwa na mitambo ya kuuvuta mvuke huo. Nyumbani kuna watoto na kisima. Isitoshe, haidrojeni inayozalika katika kazi hiyo huingia ndani ya chuma kigumu, kama springi na pini, kikawa chepesi kukatika. Nilimwambia asifanye, na maji yale asiyamwage ovyo.

Na wenye kuijua silaha waliiweka kromu wapi? Ndani ya mtutu, mahali ambapo hakuna anayepaona. Wajapani walifanya hivyo katika bunduki yao ya Arisaka ya mwaka 1939, na Warusi katika AK, ili mtutu usiliwe na kutu wala joto. Wamarekani waliipeleka M16 katika unyevunyevu wa Vietnam bila ya kromu, maganda yakawa yanaganda ndani katikati ya mapigano, mpaka mwaka 1967 walipoanza kukichovya chemba chake. Upande wa pili, mwaka 2003 katika majumba ya watawala wa Iraq zilikutwa AK zilizochovywa dhahabu. Hazikumlinda mwenyewe.

Nimeuacha mpaka hapa upanga wa Zubayr bin al-Awwam (R.A.). Bukhari amepokea kuwa nao ulipambwa kwa fedha. Alipouawa Abdullah bin Zubayr, Abdulmalik bin Marwan alimwuliza Urwa, mwana wa Zubayr, kama anautambua upanga wa baba yake, na kwa alama gani. Urwa hakuitaja fedha. Alitaja pengo kwenye makali yake, lililotokea siku ya Badri. Abdulmalik akamsadiki na akamrudishia. Hisham bin Urwa anaeleza kwamba baadaye waliukadiria baina yao kwa elfu tatu, mmoja wao akauchukua, naye Hisham akabaki akitamani lau angeuchukua yeye.

Wallahu aalam.