Nani Alilala Hapa Kabla Yetu? Kambi katika Milima ya Njombe

Nianze na neno lenyewe: kambi. Mwambie kijana wa Sinza au Kariakoo kwamba wikiendi hii tunakwenda kupiga kambi mlimani, atawaza hema, gitaa, nyama choma na picha za kuwatambia washikaji. Mwambie mzee wa Njombe neno hilohilo, atakukazia macho. Kwake kambi ni ya manamba, ni ya reli, ni ya JKT pale Mafinga. Ni mahali mtu alipolala kwa sababu hakuwa na pengine pa kulala.

Nasema hivi kwa sababu siku hizi vijana wa mjini tunaipenda milima, na ni jambo jema. Lakini nimechoka kusikia tukiongea kana kwamba sisi ndio tumeivumbua. Eti "kule hakuna watu, ni porini tu." Jamani! Milima ya Kipengere na Livingstone imelaliwa na watu wengi kabla yetu, na kila kundi liliacha kitu. Ukitaka kujua namna ya kulala kule bila kuharibu, soma kwanza historia ya waliolala.

Wenyeji walikuwa na safari zao wenyewe. Wakinga na Wapangwa walifua majembe ya chuma, na majembe hayo yalipelekwa mbali kubadilishwa na vitu vingine. Mtu hawezi kubeba chuma kutoka mlima hadi mlima bila kulala njiani. Baadaye ikaja misafara mikubwa ya wapagazi, na neno kambi likawa neno la kila siku: vibanda vya nyasi, moto katikati, na mara nyingi boma la miiba kuzunguka. Tena misafara ilipenda kurudia kambi zilezile za zamani. Shikeni jambo hilo, nitalirudia.

Mwaka 1877 akapita James Frederic Elton, konsuli wa Uingereza, akitoka Ziwa Nyasa kuelekea kaskazini. Yeye na wenzake, pamoja na wapagazi wao, walivuka uwanda mpana wa majani ulio juu kabisa ya milima hii. Desemba mwaka huohuo Elton akafariki huko Ugogo. Basi kwa kupita tu, uwanda ukaitwa Elton kwenye ramani kwa miaka mingi. Wapagazi waliobeba mahema yake je? Ramani haina hata mmoja wao. Uwanda huo ndio Kitulo.

Halafu ikaja 1905. Vita ya Maji Maji ilipofika Ubena, Septemba mwaka huo, watu wa Mbeyela walishambulia misheni ya Kilutheri ya Yakobi, karibu na Njombe, na mashambulizi yakashindwa. Kilichofuata kusini kote tunakijua: majeshi ya Wajerumani yaliteketeza vijiji, mashamba na maghala, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Wengi waliponea msituni na milimani. Hebu fikiria kulala nje katika baridi ile bila blanketi, huku ukiogopa kuwasha moto kwa sababu moshi utakusaliti. Hiyo nayo ilikuwa kambi.

Kodi nayo ikawatoa vijana nyumbani. Wabena na Wakinga wakawa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Wa mwanzo walitembea kwa miguu, majuma kwa majuma, wakilala popote usiku ulipowakutia. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao ya kuajiri, SILABU, ikaleta malori na kambi za njiani. Malori yalipunguza kutembea; umaskini uliowapakia watu ndani yake ulibaki palepale.

Kambi za mwisho za aina hiyo ni za reli. TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na kipande cha Mlimba hadi Makambako ndicho kilichowatoa watu jasho kuliko vyote. Pale reli inapanda kutoka bonde la Kilombero hadi nyanda za juu, daraja baada ya daraja, handaki baada ya handaki. Wachina na Watanzania walilala kwenye kambi zilizohama kufuata kazi. Si mchezo! Makambako unayoiona leo, yenye malori, mabasi ya Songea na Mbeya na kelele za wauza viazi, imekuzwa na reli ile na njia panda ya barabara kuu.

Sasa tuje kwenye alama mbaya. Miaka ya mwisho ya karne iliyopita na mwanzo wa hii, watu walipanda Kitulo kuchimba viazi vya okidi ili viuzwe Zambia, ambako hutengenezwa chakula kiitwacho chikanda. Makadirio yalitaja mamilioni ya viazi kwa mwaka. Ukichimba kiazi cha okidi umeua mmea mzima, hakuna cha kuota tena. Siwalaumu wachimbaji peke yao, maana njaa ya pesa ni njaa. Lakini uwanda ule una aina zipatazo 45 za okidi, na nyingine hupatikana nyanda hizi tu. Mwaka 2005 Kitulo, kilomita za mraba karibu 413, ikatangazwa Hifadhi ya Taifa, na sababu kubwa ilikuwa maua yake. Wenyeji walishaiita Bustani ya Mungu.

Na maji nayo. Vijito vya milima hii hulisha Ruaha Mkuu, unaopita Usangu, ukaingia Hifadhi ya Ruaha, kisha bwawa la Mtera. Tangu 1993 mto huo umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi. Sababu ziko nyingi, hasa mashamba ya umwagiliaji huko bondeni, na hema lako si mojawapo. Lakini sabuni na kinyesi unachoacha juu kina mtu atakayekinywa chini.

Kwa hiyo, msomaji mwenzangu, ukienda, nenda hivi. Kutoka Makambako shika barabara ya Mbeya hadi Chimala, kisha upande zile kona ambazo watu huziita hamsini na saba hadi Matamba. Ripoti kwa askari wa hifadhi, lipa, uliza pa kulala. Lala pale walipolala wenzako, kama wapagazi wa misafara, usifyeke majani mapya. Pika kwa jiko ulilobeba. Moto wa kuni ni pale tu unaporuhusiwa, maana nyasi za Septemba huwaka kama karatasi. Choo chimba mbali na kijito, hatua themanini hivi, kina cha kiganja na zaidi kidogo, kisha fukia. Takataka zote shuka nazo. Ua liangalie, usilichume. Beba nguo nzito: kati ya Juni na Agosti umande wa Kitulo huganda, na ubishi wa mjini haujawahi kumkinga mtu na baridi. Ukitaka maua, nenda Desemba hadi Aprili, ukubali mvua.

Na ukipita kijijini, usipite kama Elton. Sema "Kamwene", ngoja ujibiwe. Nunua viazi kwa mama wa pale badala ya kubeba mikate kutoka Dar. Kijana atakayekuongoza mlipe vizuri, na ukiandika juu ya safari yako, omba ruhusa yake umtaje.

Hili la mwisho nawaambia hasa tunaojifunza kuandika. Waliolala kwenye kambi za reli wengine bado wapo, wameketi vibarazani Njombe na Makambako, na kila mwaka wanapungua. Tuna maelezo ya Elton kwa sababu aliandika na wenzake wakachapisha. Ya wapagazi wake hatuna. Beba daftari na kalamu kwenye hilo begi, na kabla hujapanda mlima, kaa kwanza na mzee mmoja umuulize alilala wapi, alikula nini, na nani hakurudi.