Utandu na Daraja: Jinsi Dola ya Fedha Ipatavyo Bei Mnadani

Fedha haikai nyeupe milele. Salfa iliyomo katika hewa, karatasi na nguo huushika uso wake polepole na kuufunika kwa utandu mwembamba. Utandu huo kwanza huwa wa manjano kama dhahabu, halafu zambarau, kisha buluu. Ukizidi unene huishia katika weusi. Rangi hizo hazikupakwa na mtu. Sehemu ya nuru hurudishwa na uso wa utandu, na sehemu nyingine na fedha iliyo chini yake, miali hiyo ikakutana, kama tuonavyo mafuta yaliyomwagika juu ya maji. Mkemia huliita jambo hili uharibifu. Dalali wa sarafu aweza kuliita neema, na tofauti ya majina hayo mawili pengine huhesabiwa kwa maelfu ya dola.

Mfano ulio bora ni dola ya Marekani ijulikanayo kwa jina la mchongaji wake, George T. Morgan. Ilipigwa toka mwaka 1878 hata 1904, ikapigwa tena mwaka 1921. Uzito wake ni gramu 26.73, na sehemu 9 katika 10 ni fedha safi. Wananchi wengi walipendelea noti kuliko mzigo huo mfukoni, basi mamilioni yakalala katika vyumba vya Hazina, elfu moja moja katika mifuko ya marudufu. Zaidi ya 270,000,000 ziliyeyushwa kwa amri ya sheria ya mwaka 1918. Katika zilizosalia, zile za katikati ya mfuko zilibaki nyeupe. Zilizogusa kitambaa zilipata rangi za upinde wa mvua, aghalabu upande mmoja tu, na huonekana hilali nyeupe mahali ambapo dola moja iliifunika nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 watu waliibeba mifuko hiyo kwa wingi, hata Hazina ikasimamisha utoaji wake mwezi wa Machi 1964.

Siku zile wengi walitaka weupe. Walizichovya sarafu katika tindikali, wasijali kwamba dawa iondoayo utandu huondoa na fedha iliyokwisha kugeuka utandu. Sarafu ikichovywa mara kadhaa mng'ao wake wa asili hufa, wala hapana fundi awezaye kuurudisha.

Kuhusu daraja, mambo ni ya ajabu zaidi. Mwaka 1949 William H. Sheldon alitoa kitabu juu ya senti kubwa za shaba za Marekani za miaka ya 1793 hadi 1814, akaweka kipimo cha 1 hadi 70. Msomaji atadhani kilikuwa kipimo cha uchakavu peke yake. Sivyo: kilikuwa hesabu ya bei. Senti iliyosagika kabisa ilipewa thamani ya msingi, na ya daraja la 70 ilipasa kuuzwa mara 70 ya hiyo. Muda haukupita mwingi bei za sarafu safi zikaruka mbali na hesabu ile. Hesabu ikafa, tarakimu zikabaki, na leo twazisoma kana kwamba ni kipimo cha joto. Sheldon mwenyewe alifariki mwaka 1977. Baadaye ilikuja kujulikana kwamba alizitwaa senti bora za Chama cha Sarafu cha Marekani huko New York na kuweka hafifu mahali pake. Bila shaka hakuna aliyejua kuliko yeye daraja moja lina thamani gani.

Tangu kuanzishwa kwa makampuni ya PCGS mwaka 1986 na NGC mwaka 1987, sarafu hutiwa katika kijisanduku cha plastiki pamoja na nambari yake, na mnunuzi aliye mbali hununua nambari. Dola ya mwaka 1893 ya San Francisco, ambazo zilipigwa 100,000 tu, huuzwa kwa dola elfu chache ikiwa imechakaa. Moja ya daraja la 67 ilipita dola 2,000,000 mwaka 2021. Lakini dola ya San Francisco ya mwaka 1881, iliyopigwa zaidi ya 12,000,000, ni ya kawaida hata katika daraja zuri, na hapo ndipo utandu utawalapo: mbili za nambari moja, nyeupe na ya upinde wa mvua, zaweza kuachana bei mara nyingi. Kwa hiyo wakazuka wapishi wa rangi, watumiao moto na dawa, na makampuni hukataa kuipa nambari sarafu yenye rangi ya kutiliwa shaka.

Mimi nauheshimu utandu kwa sababu nyingine: husimulia sarafu ililala wapi. Reale ya Maria Theresa, yenye tarehe 1780 hata ikiwa ilipigwa karne iliyofuata, ilizunguka pwani yetu na Uarabuni. Wanawake wa Oman waliitia kipete na kuivaa mkufuni, ikasuguliwa na ngozi ya vizazi. Reale kama hiyo ikipelekwa kwa wapima daraja hurudi imeandikwa kuwa imeharibiwa, bila nambari.