Cavally: Mto Uliogeuzwa Mpaka

Vitabu vingi vya jiografia vinaueleza mto Cavally kuwa mpaka wa asili kati ya Liberia na Côte d'Ivoire. Maelezo hayo hayana msingi, na anayetaka ushahidi asome mkataba wenyewe uliouweka mpaka huo.

Mto unaanzia Guinea, karibu na milima ya Nimba, ukashuka kusini kilomita zipatazo 515 ndani ya msitu wa mvua hadi baharini, mashariki ya mji wa Harper. Waliberia huuita Cavalla. Chini wanaishi Wagrebo, juu kidogo Wakrahn, ambao ng'ambo ya pili huitwa Wawè. Jamii hizo ziko kingo zote mbili tangu zamani, wanaoana, wanazikana. Maryland, koloni ya Wamarekani weusi iliyoanzishwa 1834 na kuunganishwa na Liberia 1857, iliwakuta hapo.

Liberia ilidai pwani yote hadi San Pedro kwa mikataba iliyofunga na machifu. Mwaka 1891 Ufaransa ikatangaza kwamba pwani hiyo ni yake hadi Cavally. Desemba 8, 1892 Liberia ikakubali, ikapewa faranga 25,000. Mkataba unasema mpaka ufuate mto hadi maili 20 hivi kusini ya mahali unapokutana na mto Fodedougou-Ba. Hata mmoja kati ya waliotia sahihi hakuwa ameyaona makutano hayo! Wafaransa Hostains na Kapteni d'Ollone walipopenya msituni kutoka pwani mwaka 1899, ramani ya sehemu za juu ilibidi ichorwe upya, na mwaka 1907 yakaandikwa makubaliano mengine. Mpaka wa asili gani huo unaohitaji kutafutwa baada ya kuwekewa sahihi?

Wagrebo hawakuulizwa. Tangu vita vya 1875 walikuwa wakipinga utawala wa Monrovia, na katika hali hiyo ndipo akatokea William Wadé Harris, mwalimu na mkalimani. Mwaka 1909 alipandisha bendera ya Uingereza akitaka watu wake watoke mikononi mwa Liberia, akatiwa gerezani. Humo, kwa maelezo yake, Malaika Gabrieli alimtokea na kumpa kazi ya unabii. Wapo wanaomwandika kama mtu aliyerukwa na akili kwa kushindwa kisiasa. Hao sioni sababu ya kuwasikiliza sana: Mgrebo aliyeona nchi yake ikigawiwa na wageni alikuwa na haki ya kutafuta mamlaka iliyo juu ya Monrovia na Paris.

Mwaka 1913 alivuka Cavally, akashika njia ya pwani kwa miguu: kanzu nyeupe, msalaba wa fimbo, Biblia, bakuli la maji ya ubatizo, na wanawake wenye manyanga wakiimba pamoja naye. Akafika hadi Axim, Ghana ya leo. Watu zaidi ya 100,000 walichoma hirizi zao wakabatizwa, idadi ambayo wamisionari hawakuwahi kuikaribia huko. Wafaransa wakamfukuza mwishoni mwa 1914, lakini Wamethodisti waliokuja miaka kumi baadaye walikuta waumini wakiwa bado wanamngoja mwalimu wa kuwasomea Biblia.

Miaka ya ukoloni iliyofuata haina jipya kuhusu mto wenyewe. Vita vya wenyewe kwa wenyewe katika nchi zote mbili ndivyo vilivyoonyesha tena ukweli wake: Waliberia walikimbilia mashariki kuanzia mwisho wa 1989, na mwaka 2011 zaidi ya Waivory 100,000 wakakimbilia magharibi, wengi wakipokelewa vijijini na watu wa lugha yao.

Msitu nao uligawiwa vivyo hivyo. Hifadhi ya Taï, upande wa Côte d'Ivoire, ambako sokwe hupasua njugu ngumu kwa mawe, iliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1982. Ile ya Grebo-Krahn, upande wa Liberia, ilitangazwa 2017. Kati ya tarehe hizo mbili imepita miaka 35, na wawindaji na wachimba dhahabu hawakuungoja mkataba wowote kuvuka.